Nyuma ya gari ni ya yule anayefuata

Leo sitaanza na bei ya madini. Nitaanza na matako ya gari. Msicheke, tutafika.

Jumamosi iliyopita, jioni, nilikuwa pale kwetu Rugenge, mbele ya kibanda cha kuchajia simu. Vijana kama sita walikuwa wameinama juu ya simu moja. Wawili nawajua vizuri, walikuwa wametoka mgodini wiki ile, udongo ulikuwa bado kwenye kucha. Nilidhani wanaangalia mpira. Kumbe wanabishana juu ya gari ya mbio, Nissan Z, ile mupya.

Mmoja alisema: "Mbele sina shida nayo. Lakini angalia nyuma! Zile taa ni za gari ya zamani, za wakati wa baba."

Mwingine akamkatalia: "Wee haujue kitu. Nyuma njo iko muzuri. Mbele njo waliharibu, mdomo kama sanduku."

Wa tatu akawauliza: "Mulishaona hata moja hapa Uvira?" Wakacheka wote. Kweli, toka Kavimvira mpaka Kalundu hakuna. Halafu wakanigeukia: "Papa Sendika, weye unaona je?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo. Leo ninalo, na nimeona niliandike hapa, kwa sababu linatuhusu kuliko mnavyofikiri.

Kwanza gari yenyewe. Mwaka 1969 kampuni ya Nissan, kule Japani, ilitoa gari ya mbio ambayo nchi za nje ziliijua kwa jina la Datsun 240Z. Wazee wetu jina la Datsun wanalijua. Gari hiyo haikubaki kwa wazungu tu, ilikuja mpaka kwa majirani zetu. Mwaka 1971 ilishinda mashindano ya East African Safari, usukani ukiwa kwa Edgar Herrmann, na iliyofika ya pili ilikuwa 240Z vilevile, ya Shekhar Mehta. Huyo Mehta ni mzaliwa wa Uganda, na jamaa yake ilihama wakati Idi Amin alipowafukuza Wahindi mwaka 1972. Mwaka 1973 akashinda yeye mwenyewe na 240Z. Alilingana alama na Harry Källström, ambaye pia alikuwa ndani ya Datsun, mpaka kanuni ya mashindano ndiyo ikawatenganisha. Aliyesimama kando ya barabara siku zile, gari ikishapita, alibaki na nyuma yake tu: taa nyekundu, halafu vumbi.

Toka hapo Z imebadilishwa mara nyingi. Mwaka 1989 ilikuja 300ZX, ambayo taa zake za nyuma zililala ndefu ndani ya mkanda mweusi. Mwisho wa 2008 ikaja 370Z, taa zake zimekunjwa kama mundu. Halafu Septemba 2020 Nissan ikaonyesha mfano wa gari mpya, na tarehe 17 Agosti 2021, mjini New York, ikaonyesha gari yenyewe. Mundu umetupwa. Taa zimelala tena ndani ya weusi, kama zile za 1989. Wenye kiwanda hawakuficha, walisema wazi kwamba waliangalia ile ya zamani.

Hapo ndipo watu waligawanyika, na vijana wetu wa Rugenge wakafuata. Kuna wanaosema ni heshima kwa mzee, mtoto amefanana na babu yake. Kuna wanaosema ni uvivu, mchoraji amekosa wazo jipya akafungua sanduku la zamani. Wote wanazungumzia gari ambayo mwaka 2022 ilianza kuuzwa kwa dola karibu 40,000. Mchimbaji apige hesabu mwenyewe ni miaka mingapi ya shimo.

Mkinilazimisha, mimi niko upande wa nyuma mpya. Na sababu yangu siyo uzuri. Taa zilizolala ndefu kila upande zinaonyesha upana wa gari usiku. Aliye nyuma anajua mara moja kwamba mbele yake kuna gari ya magurudumu manne, siyo moto mbili zinazotembea sambamba. Anajua apite wapi.

Jibu langu lote liko hapo. Mwenye gari anakaa ndani. Anaona usukani, anaona barabara. Nyuma ya gari yake haioni kabisa wakati anaendesha. Nani anaiona? Motari anaiona. Kijana wa kinga aliyebeba ndizi anaiona. Mama aliyebeba makala anaiona. Gari inalipwa na aliye ndani, lakini nyuma yake ni ya yule anayefuata. Kwa hiyo yule kijana aliyeuliza kama kuna mtu aliyeiona Uvira, alitaka kusema maneno yao ni ya bure. Mimi naona hapana. Mtu wa nyuma yuko na haki ya kusema juu ya nyuma.

Na wenye viwanda wanajua hivyo, hata kama wanachelewa. Angalieni Chevrolet Corvette ya mwaka 1963, gari ya mbio ya Wamarekani. Bill Mitchell, mkubwa wa wachoraji wa General Motors, aliweka mfupa katikati ya kioo cha nyuma, kioo kikawa viwili. Zora Arkus-Duntov, injinia wa gari hiyo, alikataa: dereva hataona kinachomfuata. Mchoraji akashinda, gari ikatoka hivyo. Watu wakalalamika, na mwaka uliofuata, 1964, mfupa ukaondolewa. Leo zile za 1963 ndizo zinazotafutwa kwa makuta mengi na wanaokusanya magari, kwa sababu zilikuwa za mwaka mmoja tu. Sikatai, ni nzuri. Lakini gari ya kufungia nyumbani na gari ya kutembea nayo usiku ni vitu viwili.

Tena kuna ile taa ya tatu ya breki, iliyo juu, katikati ya kioo cha nyuma. Kule Marekani, toka magari ya mwaka 1986, kila gari dogo jipya lazima liwe nayo. Hakuna mchoraji aliyeiomba kwa ajili ya uzuri. Serikali iliilazimisha kwa sababu magari yalikuwa yanagongwa kwa nyuma. Leo hata Probox za pale Bujumbura ziko nayo, na hakuna anayeuliza ilitoka wapi.

Sasa tushuke nyumbani.

Ukitoka Uvira kwenda Bukavu kwa RN5, unapita Kiliba, Sange, Luberizi, Luvungi, Kamanyola, halafu unapanda Ngomo. Ukienda kusini, ni Makobola, Baraka, Fizi, mpaka Misisi kwenye dhahabu. Hizo ndizo barabara zetu. Tunazipita juu ya Fuso, juu ya mifuko, au wawili watatu nyuma ya motari. Mwangalie nyuma ya hizo Fuso. Taa moja imevunjika, nyingine imefunikwa na udongo, waya unaning'inia. Kuna zile ambazo mahali pa taa mmebaki tundu tupu. Lakini maandishi yako pale, yamechorwa vizuri kwa rangi tatu: sala, jina la mtoto, neno la kujisifu. Rangi ilipatikana. Taa ilikosa.

Gari ikikufa njiani, konvoyeri anakata matawi ya miti, anayatupa barabarani hatua chache nyuma. Hiyo ndiyo taa yetu ya nyuma. Mchana inasaidia, kila mtu anaelewa maana yake. Usiku tawi haling'ai. Unaliona wakati uko juu yake. Na gari ikishapona inaondoka, matawi na mawe yanabaki pale pale kumngojea mwingine.

Miaka michache iliyopita nilikuwa juu ya kamio, katika uwanda wa Ruzizi. Tulikuwa watu kumi na kitu tunatoka mgodini, tumekaa juu ya mifuko. Ilikuwa saa mbili ya usiku. Gurudumu likapasuka, shoferi akasimamisha, nusu ya gari ikabaki barabarani. Hatukuwa na taa hata moja nyuma. Konvoyeri akafanya kama kawaida, akakata matawi. Wengine wetu tulikuwa bado juu, wengine wameshuka kukojoa.

Nilisikia moto inakuja. Niliona fari yake. Kutoka juu pale nilielewa kwamba haituoni, kwa sababu haikupunguza. Tulipiga makelele sisi wote. Motari alivunjika mguu. Aliyekuwa nyuma yake alikuwa mchimbaji mwenzetu, tulikuwa tumeagana naye asubuhi ileile. Alikuwa anashusha makuta ya shule ya watoto. Hakuamka.

Mwenye kamio alisema motari alikuwa mbio. Motari alisema hakuona kitu. Wote wawili walisema kweli. Hakuna aliyelipa. Sendika tulichanga, tukampelekea mjane kidogo tulichopata, na mtoto wa kwanza aliacha shule mwaka ule. Balbu ya taa ile, pale sokoni, bei yake haifiki chupa mbili za Primus.

Nimeandika maneno haya kwa shida. Lakini mnajua kama mimi kwamba kila shimo lina hadithi ya namna hii. Tunapohesabu wafu wetu tunahesabu waliofunikwa na udongo. Wale waliokufa njiani, wakienda kazini au wakirudi, hatuwahesabu. Tunasema ni ajali ya barabara, kama vile barabara ni mtu. Mimi nasema mchimbaji aliyekufa juu ya mfuko wa mawe, au nyuma ya kamio iliyobeba mawe, amekufa kazini.

Kuna kitu kingine kinachoniuma. Taa ya nyuma ya zamani, ile ya balbu, ndani yake mna uzi mwembamba unaowaka. Uzi ule ni wa wolframu. Wolframu inatoka kwenye mawe yale yale tunayoyachimba Kivu. Taa mpya, kama zile za Nissan Z, hazina tena uzi. Ziko na vipande vidogo vinavyowaka, vimeshikwa kwa risasi ya kulehemu, na kazi hiyo inafanywa na bati, yaani kasiterite yetu ikishayeyushwa. Vyombo vya umeme vinavyoongoza gari nzima viko na tantali, ambayo inatoka kwenye koltani. Bati likishayeyushwa halina tena kijiji, hakuna anayeweza kusema kipande hiki ni cha Lemera, kile ni cha mahali pengine. Lakini mikono iliyolichimba ni mikono kama yetu. Tunachimba kitu kinachowaka nyuma ya magari ya dunia, halafu sisi wenyewe tunagongwa gizani.

Na kwa nini yule mpenzi wa Z akisema taa hii siipendi, kiwanda kinageuza shingo? Siyo kwa sababu ana akili kutupita. Ni kwa sababu hayuko peke yake. Wapenzi wa gari hiyo wako na vyama vyao, wanakutana, wanaandika, wanarudia neno moja mpaka linasikika. Sisi tuko wengi kuwapita, na tunasema kila mtu kivyake, jioni, mbele ya chupa.

Mnakumbuka mwaka 2010? Mwezi wa saba, Wamarekani walipitisha sheria yao juu ya madini ya vita. Mwezi wa tisa, serikali yetu ikafunga uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Miezi sita. Halafu zikaja lebo za kufunga kwenye mifuko. Sisemi lebo ni mbaya, vita ilikula makuta ya madini na inaendelea kuyala. Nasema sisi tulisikia kwa redio. Wachoraji wa gari walibishana miaka juu ya umbo la taa na wakawasikiliza wanunuzi. Mfuko wetu ulibadilishwa kwa siku moja, na aliyeubeba hakuulizwa. Yeye yuko nyuma, na wakati ule hakuna aliyefikiri kwamba wa nyuma ana la kusema.

Toka Kodi ya madini ya 2002, na tena katika marekebisho ya 2018, kuna nafasi ya sisi kuwa kitu kimoja. Sheria inataka mchimbaji wa mikono awe ndani ya koperative. Wengi wetu tumeichukua kama karatasi ya kuonyesha. Tungeweza kuifanya mdomo.

Kwa hiyo napendekeza tuanze na kitu kidogo, kitu kinachoonekana: nyuma ya gari.

Kwanza, kila koperative na kila PDG wa shimo akubali kanuni moja: kamio isiyo na taa mbili nyekundu zinazowaka nyuma haipakizi mfuko wala mtu. Siyo kamio mpya, siyo kamio nzuri. Taa mbili tu. Sheria ya barabara ya nchi yetu, ya tarehe 30 Agosti 1978, inadai magari yawe na taa usiku. Hatuombi kitu kipya.

Pili, tuchange kidogo kidogo tununue ile karatasi nyekundu ya kubandika inayong'aa ikipigwa na fari. Haina balbu, haina waya, haichomwi na mashimo ya barabara. Ibandikwe nyuma ya kamio, nyuma ya moto, hata nyuma ya kinga. Na kila kamio iwe na pembe tatu mbili za kuweka barabarani ikikufa, tuache miti yetu ipumue.

Tatu, wale wenye kazi ya kusimamisha magari njiani, tunawaomba wazunguke kwanza nyuma ya gari kabla ya kuomba karatasi za shoferi.

Najua majibu. Mwenye gari atasema barabara ni mbovu, kila taa anayoweka inavunjika Ngomo. Ni kweli kuhusu barabara. Basi abandike ile inayong'aa, haivunjiki. Mwingine atasema: asiyetaka asipande. Hilo ndilo jibu linalotuua. Mchimbaji mmoja akikataa kupanda atabaki barabarani na mfuko wake, usiku unaingia, na gari itaondoka na wengine. Anajua hivyo, ndiyo maana anapanda. Lakini wakikataa wote, na mifuko ikibaki chini, shoferi atapata balbu kabla ya jua kuzama. Mimi nimeishi sendika muda wa kutosha kujua kwamba balbu huwa hazikosekani siku kama hiyo.

Na wale wanaosema Mungu ndiye anayechunga, nawajibu kwa heshima: anachunga, lakini alitupa pia macho, na macho ya usiku yanahitaji taa.

Jana jioni nilirudi kwenye kile kibanda. Vijana walikuwepo wanne. Nikawaambia jibu langu, kwamba nyuma ya gari ni ya yule anayefuata, na kwamba ile taa iliyolala naikubali. Yule wa kwanza hakufurahi, bado anapenda mundu. Halafu akaniuliza: "Sasa, Papa Sendika, sisi tutafanya je? Nissan haitatusikia."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na Fuso imesimama, inangoja kupakia kwenda milimani. Nikawaambia: Nissan iko mbali, waacheni. Nendeni mwangalie nyuma ya ile, mniambie maoni yenu.

Wakaenda. Wakazunguka, wakainama, wakaanza kubishana na shoferi kwa sauti ileile waliyobishana nayo juu ya Z. Shoferi alikasirika kwanza, akauliza ni nani aliyewatuma. Mmoja akamwambia: "Hakuna. Sisi njo tutakuwa nyuma yako leo usiku." Shoferi akanyamaza. Akapanda ndani, akatoka na kitambaa, akafuta udongo, akamwambia konvoyeri akanyage breki.

Taa ya kushoto iliwaka. Ya kuume bado tunaidai.